Siku Niliyoiacha Suruali Nikaenda Zombe kwa Baiskeli

Afadhali niseme mwenyewe kabla Mutua hajawasimulia kwa chumvi yake: mama mkwe wangu ameniona nimevaa kaptura ya baiskeli, ile nyeusi inayobana mpaka jirani anajua ulikula nini, na ilikuwa imepasuka nyuma. Mimi, shemasi mzima.

Tulikuwa sita kutoka Nunguni, tunaenda Zombe kutembelea kanisa la wenzetu, siku mbili, tulale Kitui mjini. Mutua, fundi wa viatu mwenye tahadhari za bibi kizee, ndiye aliyekuwa kiongozi, akatuambia tubebe tyubu mbili, pampu, maji ya kutosha na suruali moja ya heshima. Nilicheka. Nilikuwa nimetazama video za wazungu kwenye simu nikafundishwa kwamba adui wa baiskeli ni uzito, basi nikachukua mizani ya jikoni nikapima kila kitu (mswaki niliukata mpini, naam, mtu mwenye akili zake). Tyubu zikatoka, pampu ikatoka, suruali ikatoka. Mke wangu Mwende, mimba ya miezi minane, alikuwa ananitazama tu.

"Huko ni kwetu," akasema. "Si ubebe tu suruali."

"Kwani Zombe yote ni ya mama yako? Ataniona wapi?"

Sisi Wakamba tuna nthoni, ile haya ya ukweni: mama mkwe na mkwe hawatazamani ovyo, wakikutana njiani mmoja anapisha. Na mama huyo ndiye tuliyekuwa tunambembeleza aje Nunguni akae na Mwende akijifungua. Alikuwa hajatupa jibu.

Siku ya pili kiburi kilinipanda. Niliwaacha wenzangu wakihema na mizigo yao (Mutua alibeba mpaka chapati za kesho), nikakata mbele peke yangu, bingwa wa hewa, mpaka karibu na Zombe mwiba ukaingia gurudumu la nyuma. Bingwa hana pampu. Nikaanza kusukuma.

Ndipo nikaona akina mama wanne wanakuja na leso zao, na wa mbele ni mama mkwe. Mtu timamu angeinamisha kichwa akapita, maana kwa helmeti na miwani ile nani angenijua? Mimi niliitupa baiskeli nikarukia kichaka, kichaka chenyewe cha miiba, tena kifupi, na nilipochuchumaa kaptura ikashikwa ikapasuka kwa sauti waliyoisikia hata wao.

"Ni nini hiyo?" mmoja akauliza.

"Ni mzungu. Mwacheni, labda tumbo imemsumbua."

Sijawahi kufurahia kuitwa mzungu kama siku hiyo. Walikuwa wameanza kupita Mutua alipofika na wenzake, akaiona baiskeli, akaniona na mimi.

"Musyoka! Kwani unahepa nani hapo? Kuja, niko na pampu!"

Mama mkwe akasimama. Akavuta leso akafunika uso, akanipa mgongo, akaongea na Mutua kana kwamba mimi sipo (ndivyo inavyofanywa), polepole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwambie huyo wa kichaka nilikuwa nimefunga nguo zangu niende kwake wiki ijayo. Sasa nitazifungua. Mwende akuje ajifungulie hapa."

Mutua alinipa suruali yake ya akiba, pana ajabu, nikaishikilia kwa mkono mmoja ibada nzima. Waliposimama kupiga makofi mimi nilipiga paja.

Mwende alipopata habari hakunigombeza. Alipanga nguo za mtoto akaenda kwao, nami nimeambiwa nisikanyage huko mpaka wazee wanitangulie na mbuzi wa kuomba radhi, na wazee wenyewe kila wakikaa kulizungumza wanacheka mpaka kikao kinavunjika. Nimeapa, safari nyingine nikiambiwa beba, nitabeba, hata kama ni kitanda.

Habari kwamba nimepata binti niliipokea kwa simu, nikiwa kwenye foleni ya sukari, nikapongezwa na watu nisiowajua. Ana wiki tatu sasa. Wanasema amefanana na mimi sana. Sijamwona.