Wale wa Depo

Mkurugenzi wa shule ndiye aliyenituma nikawanyamazishe. Shule yetu ya msingi ilikuwa Makiso, mjini Kisangani, si mbali na bandari ya mto, na nyuma ya ukuta wake palikuwa na ghala la kahawa, depo kama tulivyoliita. Mwenyewe, Mgiriki mmoja, alikuwa amerudi kwao baada ya serikali kuchukua maduka ya wageni. Depo lilikaa tupu muda mrefu. Kisha alasiri moja, darasa langu likiwa katika hesabu, ukuta ukaanza kunguruma. Vipande vya chaki vikacheza juu ya meza. Watoto wakacheka, nami nikapaza sauti, na sauti yangu, ambayo tangu zamani haikuwa kubwa, ikapotea kabisa.

"Citoyenne," mkurugenzi aliniambia, maana siku zile za chama kimoja sote tulikuwa raia tu, hakuna aliyeruhusiwa kuitwa madame, "enda kule depo uwaambie waache ile kelele. Wewe ndiye iko karibu na ukuta."

Nilikwenda na hasira ya mtu aliyechekwa mbele ya wanafunzi wake. Nilikuta vijana wawili. Mmoja, mrefu mwembamba, alikuwa na gita la umeme kifuani. Alikuwa karani wa yule Mgiriki, na siku ya kuagana tajiri wake alimwachia ufunguo wa depo na sanduku la sahani za santuri. Humo ndani hamkuwa na rumba. Mlikuwa na muziki wa gita zito, wa vijana wa Ulaya wenye nywele ndefu, na karani wetu alikuwa ameusikiliza mpaka ukamwingia mifupani. Wa pili, mfupi mwenye mabega mapana, alipakia mizigo kwenye kiwanja cha ndege cha Simi-Simi, na ngoma alizipiga vilevile alivyotupa magunia.

Nilisema niliyotumwa. Mpiga gita alinisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Mwalimu, una haki," alisema. "Lakini ulisikia kupitia ukuta. Ingia kwanza, sikia vizuri, kisha utatutukana."

Nilikaa juu ya gunia. Wakapiga. Spika yake ilikuwa ya redio kuukuu, na alikuwa ameichana karatasi yake kwa wembe makusudi, ili gita likwaruze kama mtumbwi wa chuma unaoburutwa juu ya mawe. Rumba, muziki wa mji wetu, humshika mtu mkono. Huu ulinikamata kifua. Sikuupenda, kusema kweli, lakini sikuweza kuinuka. Walipomaliza niliona gita la besi limeegemezwa ukutani, nikauliza ni la nani.

"Mwenyewe alihamishwa kazi, yuko Bumba," alijibu mpiga ngoma. "Tangu aende, tuko kama nyumba bila sakafu."

Sijui nini kilinisukuma. Kule lycée, shule ya sekondari, masista walikuwa wamenifundisha gita la kawaida kwa ajili ya kuimba misa, mimi binti Mwislamu niliyekuwa nikikaa kiti cha nyuma. Nililichukua lile besi, nikatafuta noti, na mpiga gita akaanza tena taratibu ili nimfuate. Sakafu ya depo ikatetemeka chini ya nyayo zangu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimetoa sauti iliyofika kila kona ya nyumba, bila kufungua kinywa.

Kwa mkurugenzi nilirudi na mapatano: watapiga baada ya shule kufungwa, na Jumapili. Sikumwambia sababu yangu ya kuyapenda mapatano hayo.

Mama yangu ndiye aliyekuwa mtihani. Alikuwa mtu wa Kasongo, kule Maniema, mjane, mwenye kusali sala zake zote na kutopitwa na jambo. Aliniona natoka Jumapili, akaniuliza huku akichambua mchele.

"Unaenda wapi?"

"Kupiga muziki, mama."

"Na banani?"

"Vijana wawili. Mmoja anabeba mizigo Simi-Simi, mwingine alikuwa karani ya duka."

Akaendelea na mchele wake. "Nitaenda kuona mimi mwenyewe," alisema.

Alikuja, amejitanda vizuri, akakaa kwenye kiti ambacho mpiga gita alikimbia kumwazimia kwa jirani. Tulipiga muziki wetu wote, naye alikuwa ameziba masikio kwa viganja viwili kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Tulipozima umeme aliviondoa, akatutazama mmoja mmoja.

"Hii kelele iko mingi," alisema. "Lakini nyinyi batoto muko na heshima. Binti yangu, magharibi isikukute huku."

Ndiyo ruhusa niliyopewa, na sikuivunja.

Kundi letu halikuwa na jina. Kupata jina kulitaka kwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kuomba karatasi, na karatasi ya orkesta ilitaka maelezo ambayo hatukuwa nayo. Watu walituita wale wa depo, basi. Jumapili walikuja wanafunzi wa chuo kikuu, wachukuzi wa bandarini, wauza samaki waliojificha jua. Hawakuwa wengi. Wengine walicheka wakaondoka. Redio haikutupiga hata mara moja, na wanamuziki wa mji, wenye suti za mtindo wa taifa na wapiga tarumbeta, wakitukuta njiani walituuliza kama kile chombo chetu kimeharibika.

Halafu akaja papa yake mpiga gita.

Alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa Barumbu, aliyepanda mpaka Kisangani na biashara ya samaki wa kukaushwa akabaki. Kijijini kwao alikuwa mpigaji wa lokole, ile ngoma ya gogo lililochongwa tundu, yenye sauti mbili, ya juu na ya chini, ambayo watu wa mto huitumia kusemeshana kutoka ng'ambo mpaka ng'ambo. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba mwanawe anapiga mayowe ya wazungu ndani ya ghala. Alisimama mlangoni na fimbo, uso umefungwa, na sote tulijua amekuja kutufungia.

Mpiga gita alimwona. Hakuacha kupiga, ila alibadilisha wimbo. Akaanza kile kipande tulichokuwa tukikitengeneza wiki hizo, kizito, cha polepole, cha noti mbili tu zinazopanda na kushuka. Mimi nilikuwa nikimfuata chini. Kwangu kilikuwa kipande cha muziki kama vingine. Hakuwahi kutuambia alikitoa wapi.

Mzee akaishusha fimbo. Akaingia hatua kwa hatua mpaka mbele ya spika, akainama kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Tuliponyamaza, alizungumza kwa sauti ndogo.

"Nani alikufundisha kuita jina ya baba yangu na chuma?"

Ndipo tulipoelewa. Kwa watu wa lokole kila mtu ana jina lake la ngoma, sentensi ndefu inayopigwa ili aitike hata akiwa mbali mtoni. Kipande kile kilikuwa jina la babu yake mpiga gita.

"Ni weye, papa," mpiga gita alijibu. "Nilikuwa mudogo. Kila jioni ulikuwa unamuita atoke kwa mutumbwi, akuje kula. Nilishika sauti, hata sikujua nilishika."

Mzee alikaa juu ya gunia, ile fimbo imelala sakafuni. "Tangu nifike huku mjini sina lokole," alisema. "Nilizani hii jina imeisha." Kisha akanitazama mimi, kwa upole nisioutarajia. "Na huyu mama anashika sauti ya chini. Ni muzuri. Rudieni."

Tulirudia mpaka nyuzi zikaniuma vidole. Jumapili iliyofuata alikuja na lokole aliyoiazima kwa ndugu zake wa bandarini, akaketi kati yangu na mpiga ngoma, na tangu siku ile tulikuwa wanne. Sijawahi kusikia tena kitu kama kile: gita la spika iliyochanwa likinguruma jina, gogo likiliitikia, na sakafu ya depo ikibeba vyote viwili. Wasikilizaji wetu waliongezeka kidogo. Watu wa mto waliokuwa wakipita walisimama, maana walikuwa wanasikia mtu akiitwa.

Naye mtu wa komini akasikia pia. Alikuja siku moja alasiri, baada ya shule, abakosti yake, ile suti ya mtindo wa taifa, imepigwa pasi sawasawa, akakataa kiti.

"Citoyens, hii muziki iko ya wapi?"

"Ya hapa hapa, citoyen," mpiga ngoma alimjibu.

"Gita ya namna hii si ya hapa. Bon. Sitaki makelele. Muingie katika kundi ya animation ya komini, mupige nyimbo za chama, ama mufunge. Mutachagua."

Nilizijua nyimbo za chama. Kila asubuhi, kabla ya masomo, sisi walimu tulizicheza uwanjani pamoja na watoto, tukikata kiuno na kumsifu kiongozi. Sikuwalaumu waliozicheza, nilikuwa mmoja wao. Lakini tulipokaa wanne kuamua, hakuna aliyehitaji kusema mengi. Mzee ndiye aliyemaliza maneno. "Jina ya mutu haipigwe pamoja na ile," alisema. Tukalifunga depo wenyewe, tukabeba vyombo nyumbani, na mama akanikubalia niweke besi nyuma ya kabati lake.

Mvua zilipokuja, mzee aliugua kifua. Hakukawia. Wakati wa matanga yake, siku ya mazishi, mpiga gita alikuja kwetu asubuhi, macho mekundu, akamsalimia mama kwa mikono miwili, kisha akaniambia, "Nataka tumuite."

Nilimtazama mama. Nilidhani atakumbusha mambo ya serikali. Yeye alikwenda kabatini, akalitoa besi, akalifuta vumbi kwa pindo la kitenge chake.

"Kwa kilio hakuna ruhusa ya kuomba," alisema.

Tulipiga mchana, uani kwa mzee, kule mtaa wa Tshopo, umeme tumeuvuta kwa dirisha la jirani. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mikeka, wanaume kwenye viti vya kuazima. Mpiga gita alianza na jina la babu yake, halafu akaingiza la baba yake, lile la mzee mwenyewe, ambalo ndugu zake wa bandarini walimfundisha usiku uliotangulia. Gogo, mikononi mwa mmoja wa ndugu hao, likaitikia. Nilishika sauti ya chini kwa nguvu zangu zote, nikijua kwamba nikiteleza yeye atashindwa kusimama. Niliona mabibi waliokuwa wakitulaani kwa kelele wakiweka mikono kichwani. Na mwishoni mwa ua nilimwona yule mtu wa komini, amesimama pamoja na waombolezaji wengine, kofia mkononi. Hakuja kutuuliza kitu. Alipokwisha kutoa pole yake alikwenda zake.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho ya sisi kupiga pamoja. Mpiga gita alipata kazi kwenye meli za mto na kuhama Kisangani. Mpiga ngoma aliokoka, akawa kiongozi wa kwaya. Sahani za santuri sijui ziliishia wapi.

Lakini baada ya miezi kadhaa mwanamke mmoja wa mtaa ule alifiwa, akatuma mtu kwangu: je, wale wa depo wanaweza kuja kumwita mume wake? Nilimweleza kwamba hatupo tena. Akatafuta vijana wengine, wapiga rumba, nao wakapiga wakikumbuka walivyosikia, polepole, besi mbele. Wengine wakawafuata. Mpaka leo, katika matanga mengi ya mji huu, saa ya kuutoa mwili huja kile kipande kizito cha gita kinachoita, na ukiuliza watakuambia ni desturi ya zamani. Sijawahi kumsahihisha mtu. Wapo pia mabinti wanaoshika besi makanisani, na wa kwanza wao walifundishwa na mpiga ngoma wetu. Wazazi walipomwambia chombo hicho si cha mwanamke, aliwajibu, "Mimi nilipiga na mwalimu, na hakuna mwanaume aliyenishikia sakafu kama yeye." Aliyenisimulia hayo ni mzazi mmojawapo.

Mimi nilibaki na ubao wangu na chaki zangu. Nilifundisha madarasa makubwa, watoto watatu watatu kwa benchi moja, na sikupaza sauti tena. Nilikuwa nimejifunza kusema kwa sauti ya chini na kungoja ifike.

Miaka mingi baadaye, meli yake ilipotia nanga bandarini, mpiga gita alikuja kunitembelea. Masikio yake yalikuwa yamepungua kusikia kwa sababu ya injini. Ilibidi nikae upande wake wa kulia. Mama, ambaye alikuwa bado hai, mzee sana, alimpikia samaki wa liboke, ndani ya majani, na pondu, mboga ya majani ya muhogo, pembeni. Nilikuwa nimeyatunza maneno ya kumwambia kwa miaka, nikayasema yote vibaya, bila mpangilio: kwamba nilikuja kuwafunga nao wakanifungua, kwamba kila darasa nililoliongoza kuna kitu chao ndani yake, kwamba namshukuru.

Alisogeza sikio. "Merci ya nini, dada?"

"Ya kunipa kiti," nilisema, maana nilishindwa kurudia yote.

"Kiti?" Alicheka. "Sisi tulikupa gunia."

Mama akamwongezea samaki, akamwambia ale, ni baridi kule mtoni, naye akala mpaka jani likabaki tupu.