Mwezi Ndani ya Kitambaa Chekundu

Mama Miezi hakuwahi kuzaa. Jina hilo alipachikwa kazini na seremala, mtu ambaye ulimi wake haukujua breki. Karakana yao ilitengeneza vifaa vya kufundishia shuleni: mifupa ya mtu, moyo wa kufungua katikati, milima ya kubandika ukutani. Mama Miezi yeye kazi yake ilikuwa mbingu. Alichana magazeti, akayachovya kwenye gundi ya unga, akayabandika juu ya puto, tabaka juu ya tabaka, mpaka yakakauka yakawa magumu kama kibuyu. Halafu anatoboa puto, anapaka rangi, na hapo ana sayari. Kilichomchosha si sayari, ni miezi ya sayari hizo. Mirihi ina miwili tu midogo, haina taabu, lakini Mshtarii na Zohali zimezungukwa na miezi mingi mpaka walimu wenyewe wanaagiza ile mikubwa, mingine wanasema tutaona mwakani. Kila mwezi mkubwa aliutia mchanga ndani kabla hajaziba tundu, ili ukining'inizwa darini usichezewe na upepo.

Mtoto alikuwa naye, lakini wa kulea. Wifi yake alifariki siku ya kujifungua, na kaka yake, mtu wa safari za mbali, akaja na kichanga kimefungwa shuka akasema, dada, nishikie kidogo. Hicho kidogo kikawa miaka yote. Mama Miezi wakati huo alikuwa mjane mbichi, hata mimba hajawahi kuipata, na maziwa ya kopo alijifunza kuyachanganya kwa kuuliza majirani. Binti akakulia chini ya meza ya karakana, kichwani vumbi la mbao, vidoleni gundi. Mchezo wake alioupenda kuliko yote ulikuwa kuokota miezi iliyokauka na kuitikisa sikioni, asikilize mchanga unavyochakacha.

Siku moja aliuliza kama mwezi hauchoki kuzunguka. Kwa nini haushuki tu ukakaa na dunia yake?

"Ukishuka utaibomoa," shangazi yake alimjibu, brashi mdomoni. "Ndiyo maana unaipenda kwa mbali."

Mtoto akaridhika, akarudi kwenye mchezo wake. Aliyebaki na swali ni mtu mzima.

Miaka ikaenda, binti akaolewa, na sasa tumbo lilikuwa likimtangulia mlangoni. Kwao, Wahindu, mimba ikifika mwezi wa saba mama mtarajiwa huvishwa sari nzuri, hukalishwa kitini kati ya wanawake, na mapaja yake hujazwa baraka: matunda, vitamu, maua, bangili za kioo mikononi mpaka kila akijikuna anapiga muziki. Wanawake wanaimba, wanamtania, wanambashiria mtoto. Na kitu cha kwanza kabisa kuwekwa mapajani ni nazi nzima, iliyofungwa kitambaa chekundu. Nazi hiyo hailiwi. Inakaa kando ya kitanda mpaka mtoto azaliwe.

Anayeiweka, kwa kawaida, ni mama wa binti. Hayo ndiyo yaliyomkosesha Mama Miezi usingizi. Hakutaka bangili wala zawadi. Alitaka jambo moja tu hapa duniani, kuishika nazi ile kwa mikono yake miwili na kuiweka mapajani mwa mtoto aliyemlisha, akamwogesha, akamfunza kuandika kwa ncha ya brashi. Lakini katika ukoo ule mjane haruhusiwi kumjaza mapaja mwenye mimba, wala mwanamke ambaye hajazaa, na yeye, maskini, alikuwa vyote viwili. Mkono wao unasemekana una mkosi. Nani alisema, na alisema lini, usiniulize mimi, maana nami ningependa kukutana naye.

Mama mkwe wa binti alikuja mwenyewe kulizungumza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidi kuuma, maana mbaya ungeweza kumtukana ukalala. Alikunywa chai, akasifu mapazia, akazunguka wee, mwisho akasema kwa upole kwamba nazi ataiweka yeye, si kwa ubaya, ni kwa usalama wa mtoto, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kuna methali zingefaa kufungiwa kabatini na ufunguo ukatupwa. Mama Miezi akajikaza kisabuni. Akaomba basi angalau aandae nazi, aifunge yeye. Mkwe akakubali haraka, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Na ukweli usemwe: hata yeye mwenyewe aliogopa. Mume alimpoteza, wifi alimpoteza, na usiku mwingine alijiuliza kama kweli mkono wake hauna kitu. Alimtaka binti karibu na alimtaka salama, na watu walikuwa wamemwambia lazima achague.

Basi akaifunga nazi pale pale karakana, kwa sababu nyumbani meza haikutosha. Kitambaa chekundu cha hariri, uzi wa dhahabu pembeni, fundo juu kama kilemba kidogo, kisha akaiweka rafuni. Kikabaki kipande kingine cha hariri. Sasa, seremala alikuwa akipiga randa siku hiyo, vumbi limejaa kila mahali, na kwenye rafu mwezi mkubwa kuliko yote wa Mshtarii ndio kwanza rangi imekauka. Akaona asiuache ukachafuka. Akaufunika kwa kile kipande, na mkono uliozoea ukafunga fundo lile lile, na uzi ule ule wa dhahabu, bila hata kufikiri.

Siku ya sherehe alipitia karakana asubuhi kuchukua kapu. Wakati anapanga machungwa akamwomba seremala amtilie juu kile kifurushi chekundu cha rafuni, naye seremala, ambaye hata siku yake ya ndoa alivaa viatu visivyofanana, akatia cha kwanza alichokutana nacho.

Nyumba ya wakwe ilijaa wanawake, sari na vicheko. Mama Miezi akaelekezwa jikoni, kwa heshima zote, kama unavyomwelekeza mgeni kwenye kiti kilichovunjika. Akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje, akamtazama binti yake. Alikuwa amependeza mpaka inauma. Mama mkwe akainua kifurushi chekundu kwa mikono miwili. Kwa uzito kilikuwa sawasawa na nazi, hakukiona kasoro. Akakiweka mapajani, wanawake wakapandisha wimbo.

Wimbo ulipokwisha wakamtaka binti aitikise, kama ilivyo desturi, wasikie kama ina maji tele. Akaiinua sikioni akaitikisa.

Ikachakacha.

Mama Miezi akashika fremu ya mlango. Sauti ile angeitambua hata kaburini. Karatasi, gundi na mchanga, mapajani mwa mwenye mimba, siku ya baraka, tena kutoka mkono ule ule uliokatazwa! Yaani kama kuna mkosi duniani, basi yeye ameupika, ameufunga na uzi wa dhahabu. Akavuka kizingiti aseme, liwalo na liwe.

Binti alikuwa ameganda, kifurushi bado sikioni. Akainua macho polepole yakapita juu ya vichwa vyote mpaka mlangoni, yakatua kwa shangazi yake. Akatikisa kichwa kidogo sana: hapana.

Mama mkwe akauliza kama maji yamejaa.

"Yamejaa, mama," binti akasema. "Yamejaa kabisa."

Wanawake wakashangilia, bangili zikalia, matunda yakaanza kumiminika.

Baadaye wageni walihamia chumba cha pili kula, na binti akaachwa kitini apumzike, kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba. Matunda na maua yalikwishaondolewa. Kifurushi kile tu alikuwa bado amekipakata, kimeegemea tumbo. Mama Miezi akaja na ufagio wa kukusanya maua yaliyoanguka. Alifagia kila mahali isipokuwa karibu na kile kiti. Mwisho akanong'ona, huku akitazama sakafu, kwamba nazi yenyewe iko karakana, atakimbia kuileta sasa hivi, hakuna atakayejua, na amsamehe, hakukusudia kumletea mkosi.

"Ni upi huu?" binti akauliza.

"Ule mkubwa. Wa Mshtarii."

"Basi Mshtarii itafutiwe mwingine. Huu haurudi."

Shangazi akasema hayo si mambo ya mchezo. Binti akamshika kiganja, kile kiganja chenye mabaka ya rangi yasiyotoka, akamvuta mpaka ufagio ukaanguka.

"Uliniambia ukishuka utabomoa," akasema. "Umeshuka, Shangazi. Umekaa hapa tangu asubuhi. Kuna nini kimebomoka?"

Mama Miezi akauacha ufagio pale pale. Alipiga magoti, na kwa kuwa tumbo alikuwa bado analiogopa, akaweka mkono juu ya mwezi wake tu, juu ya hariri, kwa wepesi, kama anavyoshika rangi mbichi. Chumba cha pili walikuwa wakicheka. Binti akaachia mikono yake yote miwili, akaegemea nyuma, akafumba macho.

Kukawa na kishindo kidogo kutoka tumboni, kisha kingine. Mwezi ukaruka kidogo kiganjani mwake, na ndani yake mchanga ukachakacha, wala hakuna mtu aliyekuwa ameutikisa.