Bei ya Kisiki cha Mfenesi

Kama kuna kitu kilichokuwa kinamtia Balbina kichefuchefu pale Kibaoni, ni mtu kuingia uani kwake na kidumu cha dizeli mkononi. Si kidumu chenyewe. Ni lile tabasamu linalokuja nacho, na lile neno "jirani" linalotangulizwa hata kabla ya salamu. Jirani, lori langu limenasa, njoo univutie. Jirani, nisawazishie kiwanja, kakazi kenyewe kadogo tu, mafuta haya hapa. Kana kwamba trekta linahitaji dizeli tu, tairi haziishi, bolti hazikatiki, na aliyekaa juu yake ni jini asiyekula wala kuumwa mgongo.

Trekta lilikuwa la marehemu mumewe. Alipofariki, mashemeji walikuja na mnunuzi kabla hata matanga hayajaanuliwa, wakamwambia mwanamke na trekta wapi na wapi. Balbina akaficha ufunguo. Akajifunza kuendesha kwenye majaruba ya mpunga ya watu, injini ikimzimikia kila kona, vijana wakimcheka mpaka wanakaa chini. Msimu uliofuata wale wale waliocheka walikuja kumbembeleza awalimie. Trekta lile ndilo lililomlisha, ndilo lililomsomesha mwanawe Nickolaus chuoni, na hakuwa na kingine cha kushika.

Wakati wa mvua hakuwa na ugomvi na mtu. Kuanzia Kiberege mpaka njia ya Malinyi, bei ya kulima ekari inajulikana. Mkulima atalia kidogo, atataja ada za watoto, mwishoni atatoa, maana hata yeye anajua jirani yake kalipa hiyo hiyo. Balaa lilikuwa kiangazi, mjini, kwenye hivi vikazi vya mtaani ambavyo havina bei inayojulikana. Kung'oa kisiki ni shilingi ngapi? Kuburuta kontena la duka hatua chache? Hakuna anayejua, kwa hiyo kila mtu anajipangia ya kwake, na ya kwake daima ni kidumu cha dizeli na hela ya soda.

Na Balbina aliwahi kuingia mkenge. Aliitwa kwenda kusawazisha ua wa watu kwa ajili ya harusi, bei soda, na gurudumu la nyuma likatumbukia kwenye choo cha zamani ambacho mwenye nyumba "alisahau" kukitaja. Choo kimekufa, eti mlipaji nani? Mwenye trekta! Alinunua matofali na saruji, akamlipa na fundi, kwa kazi aliyoifanya bure. Mwenye harusi hakumletea hata sahani ya pilau. Jamani, kuna watu hawana hata chembe ya haya.

Tangu siku hiyo alijiwekea utaratibu. Trekta linabaki nyumbani kwanza, yeye anakwenda kwa miguu. Anazunguka. Anauliza bomba la maji linapita wapi, shimo la choo liko upande gani, ukuta ule wa nani, kuna kaburi humu au hakuna. Kisha anapanga bei kwa kuangalia kilichosimama karibu, muda wa kazi si hoja. Asubuhi nzima kwenye kiwanja cheupe ilikuwa rahisi kuliko dakika chache pembeni ya ukuta wa mtu. Watu hawakumwelewa, au walijitia hawaelewi. Kazi ya mara moja tu hiyo, mbona unatukamua?

Lakini bei walau walimsamehe. Kilichowaudhi hasa ni swali lake la mwisho. Balbina alikuwa na kawaida ya kumtazama mtu usoni na kumuuliza, kikivunjika kitu analipa nani? Ukiuliza hivyo Kibaoni umeshaharibu. Watu watakwambia unawachuria, unautaja ubaya ili uje. Mtu mzima na ndevu zake, ana simu mbili na duka, unamwambia ukuta huu una ufa, anakutazama kama umemtupia hirizi mlangoni. Wakishaanza hivyo Balbina alitamani kutema mate chini aondoke zake, na kuna siku alitema kweli.

Sasa mwaka huo, mwezi wa kumi, watu wakiwa wanatazama mawingu, Mzee Mtoro akamwita. Huyu ni mwenye duka la jumla, baba yake alikuja Ifakara kutoka Kilwa na mizigo ya vitenge na hakurudi tena. Alikuwa anataka kujenga fremu za kupangisha nyuma ya nyumba yake, na kwenye kiwanja hicho kulikuwa na kisiki cha mfenesi, mnene, mizizi imetambaa huku na huku. Kisiki kilikuwa karibu kabisa na ukuta wa uzio. Ukuta ni wa Mzee Mtoro. Upande wa pili wa ukuta anakaa Levina, mjane, na jiko lake la mabati limeegemezwa kwenye ukuta huo huo.

Balbina alimwamkia mzee, akavua kandambili, akazunguka kisiki. Akachimbua kidogo kwa kidole cha mguu, akauona mzizi, umepita chini ya msingi kwenda upande wa pili. Msingi wenyewe ulikuwa mwembamba, tofali moja, saruji ya kubahatisha.

"Mzee, mzizi huu umepita chini ya ukuta," alisema. "Nikivuta kisiki, mzizi unaunyanyua msingi, na ukuta unaangukia kule kwenye jiko. Analipa nani?"

Uso wa Mzee Mtoro ukabadilika. "Mama Niko, mimi nimekuita ung'oe kisiki. Usinichurie kwenye kiwanja changu."

Balbina akampa bei. Mizizi ichimbwe na kukatwa kwanza kwa shoka, vibarua wakiwa ndani ya bei hiyo, siku mbili, ndipo trekta lije, na wakaandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba ukuta ni mzigo wa mwenye ukuta. Laki mbili na nusu. Mzee Mtoro alicheka kicheko cha kukerwa, akamwonyesha kidumu cha dizeli kilichokuwa kimeshaandaliwa barazani, akaongeza elfu ishirini. Balbina akavaa kandambili zake akaondoka. Njia nzima alikuwa anasonya.

Haikupita wiki. Lukelo, dereva wa trekta la tajiri mmoja wa Kiberege, alipita njia akirudi gereji, akaitwa, akaonyeshwa kidumu. Hakuzunguka, hakuuliza. Alifunga mnyororo, akakanyaga mafuta. Kisiki kilinyanyuka kama jino, na ukuta ukaenda kulala upande wa pili, mzima mzima, juu ya jiko. Levina alikuwa ndani anachochea kuni. Walipomfukua alikuwa hai, ila mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Sasa sikia watu walivyo. Habari ilipomfikia Balbina ilikuwa imeshakuja na hukumu yake. Hawakusema Lukelo kaangusha ukuta. Hawakusema Mtoro kamwita mtu wa bei poa. Walisema, si alitamka yule mama? Alisimama pale akataja ukuta na jiko, kila kitu, na ndivyo ilivyokuwa. Mdomo wake mchafu. Mwanamke mmoja aliyezoea kusimama kumsalimia kila asubuhi akapita bila kugeuka. Halafu mkulima wa Kiberege, ambaye ekari zake ndizo Balbina alikuwa anafungulia msimu kila mwaka, akapiga simu kusema mwaka huu atasubiri kidogo, mkewe ana wasiwasi. Hapo Balbina akaelewa. Mkulima akiogopa trekta lako lisije likapeleka mkosi kwenye mpunga wake, hata ukishusha bei mpaka sifuri hakuiti. Mvua zikianza na jina lile la mkosi, trekta litaota kutu uani na yeye atakula nini?

Aliitwa kwenye ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa Hilari, mtu mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu, kwamba anapenda yaishe. Kila kesi kwake dawa ni yaishe. Mzee Mtoro alisema yeye hana trekta, hawezi kuangusha ukuta kwa mikono. Lukelo akasema yeye alisaidia tu, hakuchukua malipo, kile kidumu kilikuwa mafuta na yale mengine yalikuwa soda, sasa mtu aliyesaidia anadaiwaje? Wakabaki wanamtazama Balbina, ambaye siku ukuta ulipoanguka hata karibu hakuwepo. Hilari akakohoa, akasema kwa upole kwamba ili yaishe, na ili maneno ya mtaani nayo yafe, ingependeza wote watatu wachangie matibabu ya Levina sawasawa, na mama naye atoe chake kwa sababu, yaani, maneno yalitoka kwake.

Watu wazima watatu, wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanatafuta namna ya kumfanya mkosaji mtu pekee aliyetazama chini ya ukuta! Balbina alisimama. Alimuuliza Lukelo nani alifunga mnyororo. Lukelo akasema ni yeye. Akamuuliza Mzee Mtoro nani alimwonyesha kisiki. Mzee akageukia dirisha. Akauliza tena, kwa sauti ya kusikika mpaka nje walikokuwa wamejazana watu, kwamba siku aliyomwambia mzizi umepita chini ya ukuta, alimwambia au hakumwambia?

"Uliniambia," Mzee Mtoro alisema.

"Basi. Mimi ningekuwa nawatakia mkosi, ningenyamaza nikavuta mwenyewe."

Nje watu walicheka, na kicheko kile kiliwamaliza. Hata Hilari na yaishe yake hakuwa na pa kushika. Ikaandikwa kwamba Mzee Mtoro na tajiri wa Lukelo wanalipa hospitali na wanajenga jiko jipya, na Balbina hahusiki. Hakuwa amefika hata kwenye kona ya kwake simu ikaita, ni yule mkulima wa Kiberege, mkewe hana wasiwasi tena. Kigeugeu gani hiki! Alikubali, lakini sauti yake ilimtoka kavu.

Jioni akachemsha maharage, akafunga na mchele kilo mbili, akaenda kumwona Levina. Hawa hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa jumuiya moja ya kanisani, wakisali pamoja kila Jumamosi asubuhi kwenye nyumba ya huyu au ya yule. Alimkuta amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa plasta mpaka pajani, mlangoni mwanga wa jua unaingia kutoka mahali jiko lilipokuwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa."

Balbina akamsimulia yote, na alisimulia vizuri, na viti vya plastiki, na soda ya Lukelo, na uso wa Mzee Mtoro. Akamwambia gharama zote wale wanalipa, jiko jipya litakuwa la tofali. Levina alisikiliza. Alitikisa kichwa palipostahili kutikisa kichwa. Balbina alipomaliza, Levina akavuta kanga akajifunika vizuri.

"Siku ile uliyokuja kupima," alisema, "nilisikia sauti yako. Nilikuwa jikoni hapo hapo, napepeta mchele. Mliongea na Mtoro kitambo, lakini maneno sikuyashika."

"Ndiyo, dada. Ndiyo siku niliyomwambia."

"Ulimwambia yeye."

"Mwenye ukuta ni yeye."

"Ukuta wake. Chini yake nilikuwa mimi." Hakuwa na hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Kuzunguka tu, Balbina, mpaka mlangoni kwangu. Uniambie, dada, toa sufuria zako huko. Ulishindwa nini?"

Balbina alijua alichokuwa anataka kusema, kwamba kazi hakuichukua, kwamba hakujua Lukelo atapita, kwamba angeonekana anamchuria na yeye. Aliyasikia maneno hayo yote kabla hajayatamka, na yalikuwa na sauti ile ile ya ofisini asubuhi, ya wale watu watatu waliomtia kinyaa. Ukweli ni kwamba alitoka pale na kandambili zake, akisonya juu ya elfu ishirini, na mlango wa Levina aliupita.

"Nililiona jiko lako," alisema. "Nililihesabu. Ndilo lililoifanya bei ikawa kubwa."

Levina akaupapasa mguu wake wenye plasta.

"Na mimi," akauliza, "uliniwekea shilingi ngapi?"