Mashahidi wa Bibi

Juzi Jumatatu katika ofisi ya ardhi hapa Nakuru, mbele yangu kwenye foleni alisimama bibi mmoja aliyetaka nyumba ya marehemu mumewe iandikwe kwa jina lake.

"Lete majirani wawili waseme nyumba ni yako," karani alimwambia baada ya kumwita kwa jina lake kamili. "Tunazuia wezi wa viwanja."

"Wa kulia alipakiwa kwenye lori la askari, hakurudi tena," bibi akajibu. "Wa kushoto alirudi Pwani, akafia huko."

"Basi lete yeyote anayekujua."

Bibi aligeuka, akatutazama sura moja moja, kama mtu aliyekuja stesheni kupokea mgeni. Kisha akamrudia karani. "Kila Jumatatu nakuja hapa. Wewe hunijui, mwanangu?"

"Nakujua, mama. Lakini karani haruhusiwi kuwa shahidi."

Sheria hiyo ni nzuri, siikatai. Ila bwana aliyemtangulia bibi kwenye foleni alikuja na majirani wanne, wote wakinuka pombe, na mmoja wao akauliza nyumba yenyewe iko mtaa gani. Bwana huyo alipigiwa muhuri.

Bibi akajifunga mtandio vizuri. "Nitarudi Jumatatu," alisema. "Siku nyingine hakuna mtu anayeniita kwa jina."