Gari Linaimba, Haliwaki

Mtaani walimwita Koleo, kwa sababu koleo lilikaa mfuko wa nyuma wa suruali yake siku zote, na hata siku ya harusi ya mdogo wake hakuliacha, ila siku hiyo alivaa gauni na kulificha kwenye mkoba. Alikuwa fundi umeme wa magari, mwanamke pekee katika gereji iliyojaa wanaume wenye midomo, na ukitaka kumchefua ulimwambia kwamba waya ni waya tu. Waya si waya tu. Kuna wenye moto saa zote, kuna unaopata moto ukigeuza ufunguo, na kuna uliofungwa na fundi fulani mlevi miaka hiyo, ambao hakuna ajuaye unakwenda wapi.

Kazi hiyo aliingizwa na baba yake. Mzee alikuwa dereva wa malori, na binti yake alipomaliza shule, huku mashangazi wakichanga wamnunulie cherehani, yeye alimpakia kwenye lori akampeleka kwa fundi mmoja aliyesifika. Fundi akasema hafundishi wasichana. Mzee hakubishana naye. Aliegesha lori katikati ya lango la gereji, akazima, akatia ufunguo mfukoni na kufungua gazeti. Wateja wakakwama ndani na nje. Kabla ya chakula cha mchana fundi alikuwa amesalimu amri. Tangu hapo mzee alimnadi binti yake kila mahali, kwenye foleni ya benki, msibani, hata kwa daktari wa meno akiwa ameachama. Koleo alijifanya anaona haya, lakini ukweli ni kwamba maneno ya yule mzee ndiyo yaliyomtoa kitandani asubuhi nyingi ambazo gereji nzima ilikuwa ikimcheka.

Mzee alipostaafu, akili yake ilianza kuingia na kutoka. Asubuhi moja alichukua gari lake kuukuu kwenda kununua mkate, akakutwa upande wa pili wa mji, kwenye lango la ghala la waajiri wake wa zamani, anapiga honi na kudai mzigo. Mlinzi mpya hakumjua. Baadaye tena alipita kinyume kwenye barabara ya njia moja, mbele ya shule ya msingi, watoto wakiwa wanatoka. Hakumgonga mtu. Mwalimu mmoja akamrudisha nyumbani, na mzee, kwa bashasha zake zote, akamkaribisha chai na kumwuliza wanafahamiana wapi.

Familia ikaficha ufunguo. Mzee alipekua nyumba mpaka chini ya magodoro, akamwita mkewe mwizi, mke aliyemzalia watoto na kumngoja safari zote zile, kisha akakaa sakafuni akalia. Koleo ndiye aliyeurudisha ufunguo. Kaka yake alimfokea kwenye simu kwamba ana roho nyepesi, na alikuwa na haki ya kumfokea.

Ndipo redio ya gari ikafa.

"Gari bila redio ni jeneza lenye magurudumu," mzee alimwambia. "Nifungie mpya, fundi wangu. Ile yenye kioo kikubwa."

Koleo alipokwenda kuifunga alipitia jikoni kwanza. Mama yake alikuwa anachambua mchele kwenye sinia.

"Utaifungua dashibodi yote?"

"Sehemu ya kati, mama. Na chini ya usukani."

"Humo ndimo zinamopita nyaya zote?"

"Si zote. Nyingi."

Mama akatoa kijiwe, akakitupa dirishani. "Basi hapakosi mmoja ambao gari haliwezi kwenda bila huo."

"Mama! Nimwibie baba gari lake huku ananishikia tochi?"

"Nakwambia umwache hai. Yeye na watoto wa watu. Kaka yako anataka liuzwe, na likitoka hapo uani baba yako hamalizi mwaka. Likikaa lisiwake, atalipangusa, atakaa ndani yake. Wewe ndiye pekee unayeweza, na ndiye pekee ambaye hatamshuku."

Koleo alichukua sanduku la zana akatoka. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomchoma.

Siku hiyo mzee alikuwa mzima kabisa, na hilo lilimvuruga binti yake kuliko kama angekuwa amechanganyikiwa. Alishika tochi vizuri, mwanga ukifuata mikono ya fundi bila kuambiwa. Koleo alifungua kichwa cha betri, akachomoa kisahani cha majivu ya sigara, akafungua skrubu mbili zilizojificha nyuma yake, akaanza kulegeza fremu taratibu. Plastiki ya gari kuukuu imekauka. Ukiivuta kwa pupa inapasuka na mwenye gari anakukumbuka kila akiitazama. Redio ya zamani ilipotoka, nyuma yake palikuwa na fundo la nyaya zilizoungwa kwa selotepu, nyingine kwa plasta ya kidonda.

"Hiyo plasta ni yangu," mzee akasema kwa fahari. "Nilikata kidole na waya kwa mpigo. Plasta zilikuwa mbili, tukagawana."

Wakacheka wote wawili. Redio mpya ilikuwa na urefu mara mbili ya ile ya zamani, kwa hiyo Koleo aliondoa kijaluba cha vikorokoro kilichokuwa chini yake, akakata ufito wa plastiki uliobaki katikati kwa msumeno mdogo na kuulainisha kwa tupa. Aliunganisha waya wa njano kwenye moto wa saa zote, mweusi kwenye bodi, yaani chuma cha gari, akachomelea kwa risasi kila kiungo. Uliobaki ni mwekundu, unaotaka moto wa ufunguo. Kwa huo ilibidi afungue kifuniko cha usukani afikie nyuma ya swichi. Na hapo, katikati ya wenzake, ulikuwapo waya unaopeleka moto kwenye koili, kile kinachoipa injini cheche. Ukikatika huo, injini itazunguka lakini haitashika, hata mtaa mzima uje kusukuma.

Alikuwa ameamua kutoukata. Alijiambia hivyo waziwazi: siukati, watafute njia nyingine.

"Fanya haraka kidogo, mwanangu," mzee akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kusimulia ya plasta. "Mzigo unaningoja ghalani tangu juzi. Nitapita njia ya pale shuleni, ni mkato."

Koleo akautenga ule waya kwa kidole. Akachomoa koleo mfukoni.

"Unakata nini hapo?" mzee aliuliza, akisogeza tochi ili aone vizuri zaidi.

"Kiungo kibovu, baba."

"Kata. Wewe ndiye fundi."

Akakata. Akaziba ncha zote mbili kwa utepe, akazisukuma juu kabisa ambako mkono wa mtu mzima haufiki kwa urahisi, akarudisha kila kitu mahali pake. Redio iliwaka vizuri, kioo kikang'aa, sauti ikajaa gari. Mzee alipiga makofi. Kisha akageuza ufunguo mpaka mwisho, injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika.

Kuanzia hapo Koleo hakuwa na raha. Asubuhi nyingine mzee alikuwa amesahau, na habari ikamfika upya kila alipogeuza ufunguo. Asubuhi nyingine alikumbuka yote, na hizo ndizo zilikuwa mbaya. Alichomoa plagi mwenyewe, akaigusisha kwenye chuma, akamwambia mkewe apige starta, akaona hakuna cheche. "Moto haufiki," alimwambia binti yake kwenye simu, na alikuwa sahihi. Akatafuta kwenye makopo yake akapata koili nzima aliyoiweka tangu enzi za kazi. Koleo akaifunga, mzee akigeuza ufunguo kwa matumaini. Wapi!

Basi akawa anakuja kila akiitwa, anafungua boneti na kuigiza. Alibana kibanio cha taa yake ya kupimia kwenye plastiki badala ya chuma, ili isiwake popote, halafu akatikisa kichwa. Alifanya hivyo mchana kweupe, macho makavu, mbele ya mtu aliyemfundisha kwamba gari halidanganyi. Gerejini angemfukuza mwanafunzi kwa upuuzi wa namna ile. Usiku, mumewe alipomwuliza ana nini, alisema mgongo.

Mzee hakumlaumu hata mara moja. Aliacha tu kumnadi. Mgeni akija hakutajiwa tena kwamba nyumba ina fundi. Siku moja mama alimwambia Koleo, wakiosha vyombo, kwamba wametenda jema. Koleo akasema ndiyo. Alitamani mama amkumbatie, lakini mama naye alikuwa ameshika sufuria kwa mikono yote miwili kama anayeogopa kuidondosha.

Jumamosi iliyofuata alifika uani na sanduku la zana, akasikia sauti upande wa pili wa gari. Jirani, mwenye duka la dawa, alikuwa ameegemea ukuta.

"Mzee, gari ni la kupandia maua siku hizi? Si una binti fundi, au ufundi wa mdomo?"

Koleo akasimama. Alijua baba yake angejibu nini zamani. Jirani angetukanwa mpaka babu yake wa tatu.

"Ameshalitengeneza siku nyingi," mzee alisema kwa utulivu. "Mimi ndiye niliyeacha. Macho yangu hayafai tena barabarani. Nimemwambia asilipotezee muda tena, ana wateja wanaomngoja."

"Kumbe! Umestaafu kweli sasa."

"Nimestaafu."

Jirani akaenda zake. Mzee, ambaye hakukubali hilo kwa daktari, kwa mwanawe wala kwa mkewe, alizunguka gari na kumkuta binti yake amesimama na sanduku mkononi. Hakushtuka.

"Usije tena na hizo zana mchana," alimwambia kwa sauti ya chini. "Watu wana maneno, na jina la fundi likishaharibika halitengenezeki. Njoo tu kama mtoto anavyomjia baba yake."

Koleo alijihisi mdogo na mchafu. Alitaka kusema yote palepale, kwamba yeye hakushindwa, kwamba dakika tano na utepe kidogo gari lingeunguruma. Na likiunguruma, mzee angekuwa barabarani kabla ya chai. Akashusha sanduku chini.

Mzee akamshika bega. Alikuwa na huruma usoni, huruma ya mtu mzima kwa mtoto aliyefeli mtihani.

"Ila niambie, mwanangu, tuko wawili tu. Ulitafuta kila mahali?"

"Kila mahali, baba."

Naye akamwamini.