Banda la Fundi Skrubu

Walimwita Fundi Skrubu kwa sababu hakutaka hata kusikia habari za misumari. "Msumari ukiutoa, ubao unapasuka," alisema. "Skrubu unaiomba kwa upole, inatoka." Basi nyumbani kwake hakuna kilichotulia. Mkewe aliamka siku moja akakuta rafu ya vyombo imegeuka meza, akamjia juu: "Mzee, iko siku utanifungua na mimi!"

Alipopewa kazi ya kujenga banda la kupumzikia kwenye bustani ya maonyesho, la kuwafunza watu kujenga bila kuharibu mazingira, hakununua ubao hata mmoja. Alitumia milango ya nyumba zilizobomolewa, na mbao alizobeba kimyakimya kutoka kwake.

Siku ya ufunguzi mkewe alifika amekunja uso, tayari kumsema. Mkono wake ukagusa ukingo wa benchi, ukakuta vijishimo viwili. Zilikuwa alama za meno ya kwanza ya binti yao, ambaye sasa ameolewa mbali. Ubao ule ulitoka kwenye kitanda chake cha utotoni.

Mama akaketi, akavipapasa kwa kidole gumba.

"Mzee," alisema taratibu, "huu usiufungue tena."