Kwaya Aliyoshindwa Kuikabidhi

Dalmas Oduor alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Kibuye, upande ule wanakouza mapazia ya mitumba, na ukimwuliza kazi yake angekutajia hiyo. Lakini huku mtaani kwetu Migosi hata watoto wasiosali kanisani kwetu walimwita Mwalimu, kwa sababu ya kwaya.

Alianza kuiongoza akiwa kijana, hata mke hajaoa. Sol-fa, zile noti za do-re-mi, alifundishwa na mwinjilisti mmoja kule Kisian, mzee mkali aliyewagonga wanafunzi vidole kwa rula, na Oduor alipopata kwaya yake mwenyewe aliapa kutomgonga mtu. Hakumgonga. Aliimbisha harusi zetu na matanga yetu, na wengi wetu tulikutana na wake zetu kwenye mazoezi yake ya Jumamosi.

Kilichomuumiza kwanza ni mwanawe, Brandon. Kijana alifika kidato cha tatu akakataa kuimba. "Baba, kwaya yenu inaimba kama watu wanaosukuma lori lililokwama," alisema mezani, mbele ya wageni. Achola, mama yake, alimkemea. Siku chache baadaye Oduor akamwambia mkewe, "Unajua huyu mtoto hajasema uongo?" Brandon akaenda Nairobi, na hakuimba tena kanisa lolote. Tangu hapo Oduor akawa mtu wa kutafuta vijana.

Elsie ndiye aliyepatikana. Alikuwa binti wa Nasipwondi, mama wa Kibukusu aliyekuwa akifagia kanisa, na siku za mazoezi alikaa benchi la nyuma akimngoja mamake. Jumamosi moja Oduor alisimamisha kwaya, akainua shingo.

"Nani anaimba sauti ya tena huko nyuma?"

Wanaume wa tena, ile sauti ya juu ya kiume, walikuwa wote mbele yake.

"Ni mimi," kikasema kisauti. Mtoto mdogo, miguu haijafika chini, alikuwa amejichagulia sauti ngumu kuliko zote kwa sababu, alivyoeleza, ndiyo iliyokuwa na watu wachache.

Alimfundisha kibandani kwake. Elsie alitoka shule, akaketi juu ya kiti cha gari kisichovikwa ngozi bado, akipiga mapigo ya wimbo kwa ngumi kwenye sponji huku Mwalimu akishona. Akikosea, Oduor aliachia mashine na kumtazama tu. Akipatia, aliendelea kushona. Walikaa hivyo miaka, mpaka msichana akawa mwanamke mwenye kazi yake kwenye duka la dawa, na nyuma yake kundi la vijana waliopiga gita, kayamba na ngoma.

Ngoma zile zilileta kikao. Mzee Ondiek, kiongozi wa besi, ile sauti nene, alisema kanisa si ukumbi wa disko. Oduor alisimama akawatetea vijana mpaka jasho likamtoka.

"Tukiwafukuza hawa, wataimba tu. Ila wataimba kwingine."

"Waende," Mzee Ondiek akajibu. "Nimeona wengi wakienda, na sisi bado tuko."

Mchungaji Wakhungu akapitisha kwamba vijana waimbe Jumapili moja kila mwezi, mwishoni mwa ibada, watu wakianza kufunga mikoba yao. Vijana walitaka kukataa. Ni Oduor aliyewashika mikono mmoja mmoja akiwaomba wakubali hicho kidogo.

Kisha masikio yakaanza kumwacha. Lilianza la kulia. Daktari alimwambia ni umri, pengine na kelele za mashine, na kwamba halitarudi. Hakumweleza mtu. Lakini siku moja walipotoka ibadani Achola alimwambia polepole, "Baba Brandon, leo umetuanzishia wimbo juu ya mti. Soprano wameparamia mpaka wamekwama."

Alikaa kitandani bila kuvua viatu. "Basi umefika wakati wa Elsie," akasema.

Na alimaanisha. Hilo tunalijua wote tuliokuwapo. Alimwambia Mchungaji, akawaambia wazee, akaiambia kwaya nzima kwamba Jumapili ya Mavuno Elsie ataongoza wimbo mkubwa, wazee na vijana pamoja, na kwamba kuanzia siku hiyo kwaya ni yake.

"Hawatanifuata, Mwalimu," Elsie alimwambia.

"Watakufuata. Nimewaambia."

"Kuambiwa si kufuata."

"Nyathina," alimwita kwa lugha yake, yaani mwanangu, "wewe inua mkono tu. Wimbo wenyewe utawavuta."

Jumapili ya Mavuno kanisa lilijaa mahindi, ndizi, na kuku waliofungwa miguu chini ya madhabahu. Oduor alivaa koti lake la buluu na kuketi benchi la pili kando ya Achola. Hakuwahi kuketi hapo. Alisema kanisa linaonekana kubwa kutoka hapo.

Elsie alisimama mbele, akainua mikono. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Kwenye wa pili alitaka mwendo uchangamke, kama walivyofanya mazoezini, na ngoma ikaingia. Soprano wakamfuata. Besi hawakumfuata. Mzee Ondiek aliutazama ukuta wa nyuma na kuimba kwa mwendo ule ule wa zamani, na wenzake wakamfuata yeye. Wimbo ukaanza kupasuka katikati. Watu walikaza macho kwenye vitabu. Elsie alikuwa akipiga mkono kwa nguvu zaidi, shingo imesimama mishipa, lakini uso wake ulikuwa mtulivu. Nadhani alikuwa amelitazamia hilo. Nadhani wimbo angeumaliza.

Ndipo mkono wa Oduor ulipoinuka.

Achola aliuona kwanza. Ulitoka gotini, ukafika kifuani, ukaanza kupiga. Yeye mwenyewe alikuwa amefumba macho. Mzee Ondiek akauona, akageuza shingo, na besi zote zikageuka naye. Wa tena wakageuka. Hata soprano, hata yule kijana wa ngoma. Na wimbo ukapona. Ukaungana sauti zote nne, mzito, mtamu, na waumini wakaanza kupiga makofi na vigelegele.

Elsie bado alikuwa ameinua mikono, na hakuna jicho hata moja lililomwangalia. Akageuka aone wanatazama wapi.

Oduor alifumbua macho akakutana na yake. Wote tuliona alivyoshtuka. Lakini angeushusha mkono, wimbo ungemwagika mbele ya kanisa zima. Kwa hiyo hakuushusha. Akawaongoza kutoka pale benchini, ubeti baada ya ubeti, mpaka mwisho, huku Elsie amesimama mbele na mikono yake imekwisha kushuka.

Nje watu walimpangia Oduor mstari. "Mwalimu, umeiokoa siku!" Mzee Ondiek alimkumbatia. Oduor alizungusha macho akimtafuta Elsie, lakini alikuwa ameshatokea mlango wa kando.

Kesho yake hakufungua kibanda. Alikwenda kwa kina Elsie, nyumba ya kupanga karibu na shule. Nasipwondi akamkaribisha, akatoka awaache.

"Nimekuja kuomba msamaha," Oduor alisema. "Ule mkono uliinuka wenyewe. Mungu anajua sikuutuma."

"Najua, Mwalimu."

"Basi Jumapili ijayo nitakaa nje kabisa."

Elsie alitikisa kichwa. "Wazee nilikuwa nimejiandaa kwa ajili yao. Ningewavumilia miaka kumi mpaka wanizoee. Ila ungekuwa umefanya kusudi, ningekukasirikia tukagombana, yakaisha. Umefanya bila kujua. Maana yake ndani mwako hukuwahi kunipa."

"Nilikupa, Elsie."

"Ulitaka kunipa," alisema, akainuka kumwekea chai, naye Oduor akainywa mpaka mwisho, akaaga.

Hakurudi. Vijana walidhani ataanzisha kwaya mahali pengine wamfuate, lakini hakuanzisha chochote. Alisema amechoka. Basi wakatawanyika. Wa gita alikwenda kanisa moja kubwa la mjini lenye taa za rangi, wa ngoma anapiga kwenye hoteli za ufukweni Dunga, wengine hawaonekani popote. Oduor aliwafuata mmoja mmoja akiwasihi. Walimpokea kwa heshima, wakamnunulia soda, na hakuna aliyerudi.

Kwa hiyo aliirudia kwaya, hakukuwa na mwingine. Aliiongoza kwa kutazama midomo. Kila mwaka waliimba wachache zaidi. Mzee Ondiek alipata kiharusi, akawa anakuja na kuketi tu. Halafu Mchungaji akanunua spika, na ibada nyingi sasa zinaimbwa na flashi iliyochomekwa humo.

Mwezi wa nne mwaka huu tulimzika Nasipwondi. Elsie hakutaka kumpeleka kwao Bungoma, hakukuwa na mtu huko, kwa hiyo alizikwa makaburi ya mjini na matanga yakawa hapa mtaani, uani kwao. Oduor akaja na wazee wake, watu saba au wanane na leso zao za kwaya. Akapuliza filimbi yake ndogo, akawapa sauti. Ilikuwa juu mno. Wakajaribu, wakakatika. Akawapa tena, ile ile. Mama mmoja akaanza kukohoa. Msema chochote, yule mwongoza shughuli, akachukua kipaza sauti, akasema kwa upole, "Tuwashukuru wazee wetu, wapumzike kidogo," na spika ikaanza kuimba.

Oduor aliona watu wanapiga makofi. Akaketi akitabasamu.

Elsie mwenyewe alikuwa akigawa chai, maana jamaa walikuwa wachache. Alipofika kwa Mwalimu aliinama karibu na sikio lake la kushoto.

"Nikuongezee sukari?"

Oduor alimshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlenga. "Nitashukuru sana ukiniongozea, nyathina," akasema. "Hata Jumapili hii. Njoo tu, nitawaambia."

Elsie akamtazama Achola, aliyeketi kando ya mumewe. Achola akatazama chini, hakumrekebisha. Elsie akatia kijiko cha sukari kwenye kikombe, akakoroga, akamwekea mkononi, na kuendelea kwa aliyefuata.